Kona Isiyo na Rangi

Ofisini, tarehe 4 Februari

Mdogo wangu,

Kila nikikupigia naambiwa hupatikani, ndiyo maana nimeamua kuandika. Barua hii nimempa dereva anayeleta mawe kwenye yadi ya halmashauri. Amesema anapita njia panda ya kwenu kila Jumanne na Ijumaa, na jibu lako atalirudisha. Usimwambie hujui kuandika. Mimi ndiye niliyekufundisha.

Binti yako hajambo. Ametimiza miaka tisa mwezi uliopita, ameingia darasa la nne. Akiulizwa baba yuko wapi anajibu, "Yuko kazini." Anajibu kama karani, bila kuinua macho.

Sasa la kazi. Halmashauri inaandaa mpango wa ardhi yenye mchanga, kokoto na mawe, mpango wa miaka ishirini. Mji unajengwa, kila mtu anataka mchanga, na kila mtu anachimba anapojisikia. Ukiacha hivyo, pazuri patajengewa nyumba juu na mchanga ulio chini hautatoka tena, na pabaya patachimbwa mpaka daraja lilale. Kwa hiyo tunaipaka ramani rangi tatu. Nyekundu hapaguswi. Manjano ni kwa vikundi vya koleo na karai. Kijani ni kwa kampuni yenye mashine na kibali.

Kona ya mto hapo kwenu, vipimo vinaonyesha mchanga wa mita tano kwenda chini, msafi, hauna udongo. Hakuna pengine wilayani penye mchanga kama huo. Na mimi ndiye ninayeandika maelezo ya eneo hilo. Najua ndipo maji yalipomchukua wifi yangu. Nilimwomba mwenzangu aandike yeye, lakini tuko wawili tu katika chumba hiki na yeye ana milima yote ya mawe. Basi nakuuliza wewe kabla sijamuuliza mwingine: unaonaje?

Jibu hata mistari miwili.

Dada yako


Kwenye kona, 11 Februari

Dada,

Nimeipata. Dereva wa mawe alinikuta nimo shimoni mpaka kiunoni, akaning'iniza bahasha juu ya kichwa changu kama mtu anayelisha mbuzi.

Mimi mzima. Nakula. Nalala. Paa linavuja upande wa jikoni, nimehamisha meza.

Kwenye udereva wa tipa, lile lori la mchanga, sikufukuzwa kama ulivyosikia. Niliacha mwenyewe. Sasa nachimba mchanga kwa koleo hapa konani. Simu niliiuza. Barua ni nafuu, haimuulizi mtu kitu kabla hajajiandaa.

Kuhusu kona, paache palivyo. Hayo ndiyo maoni yangu.

Mwambie Binti nimefurahi kuhusu darasa.

Mdogo wako


Ofisini, 19 Februari

Mdogo wangu,

"Paache palivyo" si rangi. Nimeifungua ramani nikaitafuta, sikuiona. Mahali pasipopakwa rangi ni mali ya mwenye nguvu, na mwenye nguvu huwa si wewe wala mimi.

Wiki iliyopita wapimaji wetu walikuja huko kupigilia vigingi. Walirudi na vigingi vyao. Wanasema kuna mwanaume aliving'oa vyote, akavipanga pembeni vizuri kama kuni, akawaambia warudi baadaye. Walipouliza baadaye lini, akasema hajui. Mrefu, shati lisilo na kola. Walicheka wakinisimulia. Nikacheka nao, kisha nikaenda kunawa uso.

Jana alikuja Mwenyekiti wa kikundi chenu cha wachimbaji, kofia mkononi. Anasema umeigeuza kona kuwa mali yako, wanawake wakitaka kuchota unawaelekeza pengine, na mchanga unaouchimba huuzi. Anasema pengine yuko tajiri wa malori anayekulipa uilinde mpaka mpango upite. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Lakini alipotoka nilibaki na swali hilo mezani, na sasa nakuletea wewe.

Nani anakulipa? Kama yuko anayekutumia, niambie sasa. Jina langu ndilo lililo chini ya maelezo ya kona, na tumetoka tumbo moja. Hakuna atakayeamini kwamba sikujua.

Binti aliniona nikiandika akauliza kama nakuandikia wewe. Nikasema ndiyo. Akasema "haya" na kurudi kwenye daftari lake.

Dada yako


Kwenye kona, 25 Februari

Dada,

Hakuna anayenilipa. Mwenyekiti ana kofia nzuri, hilo sikatai.

Barua zako zimeanza kufanana na za halmashauri. Aya ya kwanza salamu, ya pili onyo.

Ninachofanya ni hiki. Nimeigawa kona kwa kamba, viwanja vya hatua mbili kwa mbili, nikaanzia ukingoni. Nachimba kimoja mpaka nifike kwenye udongo mweusi. Mchanga wote nauchekecha. Nikimaliza nahamia kingine. Maji yakipanda yanafukia, yakishuka naanza upya. Nimemaliza viwanja hamsini na vitatu. Wanawake siwazuii, nawaomba tu wachote kwenye lundo la mchanga niliokwisha kuuchekecha. Lundo ni kubwa, linawatosha.

Vigingi vya wapimaji sikuvivunja hata kimoja. Waambie.

Mashine inakuja lini? Nataka tarehe tu.

Mdogo wako


Ofisini, 6 Machi

Mdogo wangu,

Kamati imepitisha rasimu. Kona imepakwa kijani. Tangazo limebandikwa jana, pingamizi zinapokelewa siku thelathini, na kampuni imeomba ianze tarehe 20 Aprili ili ipate wiki mbili kabla mto haujajaa. Hiyo ndiyo tarehe uliyoitaka.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama. Kazi yangu ni mchanga, mdogo wangu, miaka kumi na moja sasa. Mchimbaji wa kuuza haanzi kupiga kamba viwanja. Hafuati udongo mweusi, maana huko chini hakuna fedha. Na hachekechi mchanga msafi wa mto halafu akauacha umelala. Anayechekecha anatafuta kitu.

Unatafuta nini hapo?

Wifi alichukuliwa na maji. Tulimtafuta siku sita mpaka mabwawani. Nilikuwepo. Nilitembea ukingoni na viatu vya ofisini mpaka vikafa. Kama ni pete yake unatafuta, au kitu alichokidondosha, sema tu, sitakucheka. Lakini sema.

Dada yako


Nyumbani, 15 Machi

Dada,

Keti kwanza.

Hakuchukuliwa na maji.

Siku ile nilikuwa nimepeleka mchanga mjini, safari ya pili. Niliporudi saa kumi, watu wamesimama upande wa chini wa mto, na Mwenyekiti akanishika bega. Akasema, "Ameteleza akichota maji. Mto umemchukua." Mto ulikuwa umejaa kweli, umebeba na magogo. Nikaamini. Nawe ukaja, ukaamini. Tukatembea siku sita kuelekea kusiko.

Mwezi mmoja baadaye akaja Bi Karai. Unamkumbuka, yule mama mfupi anayebeba makarai mawili, moja juu ya jingine. Hakutaka kuingia ndani. Alikaa kizingitini, mgongo kwangu, akasema, "Baba Binti, mimi silali."

Nikasema, "Una nini?"

"Tulikuwa tunachimba chini ya ukingo. Kibali chetu ni cha kuchota mchanga ulio wazi, unajua. Lakini ule wa chini ya ukingo ndio wanaoutaka madereva, hata wewe uliutaka. Mkeo alikuwa ameingia ndani kabisa. Mimi niko nje namwambia atoke, zamu yangu. Ukingo ukakaa. Haukupiga kelele. Ulikaa tu, kama mtu aliyechoka."

"Mkachimba?"

"Tulichimba kwa mikono na kwa makarai. Mto ukapanda. Magotini, kiunoni, tukakimbia. Mwenyekiti akasema tukisema ni ukingo kibali kinafutwa, familia saba hazina pa kula, na yeye harudi. Tukisema ni maji, basi ni maji."

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikampa kikombe cha maji. Nikamwambia, "Sawa."

Ndivyo nilivyosema, dada. Sawa.

Ningeweza kwenda kituoni siku ile. Nikasema acha nimtafute mwenyewe kwanza, siku tatu, nne. Siku nne zikawa wiki. Baada ya hapo nikaona nikienda wataniuliza kwa nini sikuja jana, na jana nilikuwa nimejiuliza swali hilo hilo. Siri ilikuwa ya Mwenyekiti, ikahamia kwangu. Yeye alinificha mwezi mmoja. Mimi nimewaficha wewe na Binti karibu miaka miwili. Piga hesabu nani mkubwa.

Unajua mke wangu tulimwita Taratibu, watu wakidhani ni kwa upole. Hakuwa mpole. Ni kwa kuwa kila nikiwasha tipa alisimama dirishani akasema, "Taratibu, hilo lori si mdomo wako." Sasa nalikumbuka neno lenyewe, sauti sikumbuki. Nimejaribu.

Sijalia. Watu wanasema nina moyo mgumu, wengine wanasema ni subira. Si kimoja wala kingine. Ni kama mkono uliolaliwa. Unauona ni wako, unaubeba, lakini ukiubonyeza hausemi kitu.

Mashine ikija itamchota kwa kijiko kimoja na mwendeshaji hataona, atakuwa anatazama vioo. Atamwagwa kwenye tipa. Ataingia kwenye ukuta wa mtu.

Ndiyo maana nikasema paache palivyo. Nilitaka kumaliza kwanza.

Mdogo wako


Nyumbani kwangu, 20 Machi

Mdogo wangu,

Niliketi kama ulivyosema. Kisha nikaendelea kuketi mpaka Binti akarudi shule akanikuta na viatu mguuni na mkoba begani. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Kwa hiyo nami nimeanza kumdanganya.

Nina mambo mawili ya kukuambia.

La kwanza ni langu. Kila eneo kwenye mpango lina aya ya usalama. Mwaka jana nilipoiandika ya kona, niliagiza daftari la ajali. Lilikuwa na mstari mmoja: mwanamke, amezama akichota maji. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba eneo hili halina kumbukumbu ya kifo kilichotokana na uchimbaji. Mstari huo ndio ulioipa kona rangi ya kijani. Bila huo, ukingo mrefu kama ule usingepita hata hatua ya kwanza. Nilijua ninayemwandika ni wifi yangu. Nakumbuka nilijisifu kwamba niliumaliza bila kufuta neno.

La pili. Bi Karai alikuambia chini ya ukingo, nawe ukaanzia ukingoni. Ukingo upi? Nina picha mbili zilizopigwa kutoka angani, moja kabla ya mvua zile na moja baada yake. Leo nimezibandika moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha, jua likipita. Ukingo umerudi nyuma mita kumi na moja. Hapo unapochimba wewe, siku ile palikuwa shamba la mtu. Palipokuwa ukingo, leo ni katikati ya mchanga mtupu.

Na Agosti iliyopita wapimaji walichimba mashimo ya majaribio. Shimo namba saba liko kwenye mstari ule ule wa ukingo wa zamani. Kwenye daftari lao wameandika: mita mbili na nusu, bati, shimo limehamishwa hatua tatu. Bati. Nililisoma neno hilo mwaka jana nikaweka alama ya takataka.

Vipimo ninavyo. Naweza kukuambia usimame wapi na utembee hatua ngapi. Lakini sitaviandika kwenye karatasi hii. Nikikupa utaingia mita tatu chini peke yako, mchanga mkavu, hakuna wa kukushika mkono, na Binti atabaki na mimi tu. Na hata ukimpata, utampata kwa siri, na siri ndiyo iliyotufikisha hapa. Nenda kituoni. Nenda na Bi Karai kama atakubali. Siku mtakayoandikisha maelezo, nitakuja mwenyewe na wapimaji.

Najua ninaweka masharti kwa mtu anayemtafuta mkewe. Nayaweka.

Dada yako


Kwenye kona, 24 Machi

Dada,

Sasa nawe umeingia kati yetu tunaojua na kunyamaza. Mwenyekiti, mimi, na wewe.

Nipe vipimo.

Mdogo wako


Ofisini, 27 Machi

Mdogo wangu,

Sikupi. Nichukie tu, nitakaa nayo.

Pingamizi zinafungwa tarehe 5 Aprili. Bila maelezo ya kituoni, neno langu ni la dada anayemtetea mdogo wake, na mashine inaingia.

Dada yako


Nyumbani, 9 Aprili

Dada,

Ulipoondoka Jumatatu ili uwahi kikao, ulituachia vigingi vinne na wapimaji wawili. Nakuandikia yaliyofuata kwa kuwa najua ripoti utakayopewa itakuwa na mistari minne.

Kwanza nikueleze la kituoni, maana siku ile hatukuzungumza, ulikuwa unapima na mimi nilikuwa natazama kamba yako. Tulikwenda watatu, mimi, Bi Karai na jirani yake mmoja. Nilidhani nitasema mimi. Bi Karai akaanza kabla hatujapewa viti. Alisema yote kwa pumzi moja na mwisho akauliza, "Niandikie wapi?" Hajui kuandika. Akaweka dole gumba. Mwenyekiti akaitwa. Alikataa mpaka mchana, kisha akaomba maji, akanywa, akasema ni kweli. Alipotoka alinipita akasema, "Nilikuwa nawaza zile familia." Nikasema, "Najua."

Jumatatu hiyo hiyo familia zote saba zilikuja na makarai. Hakuna aliyeziita. Mwenyekiti naye alikuja, bila kofia, akasimama mwisho wa mstari akawa anapokea karai na kupitisha kama wengine.

Vigingi vyako viwili viliangukia juu ya lundo langu. Lile lundo la mchanga niliouchekecha, viwanja hamsini na vitatu. Nilikuwa namwaga juu yake, dada. Kulihamisha peke yake kulitumaliza siku nzima. Hata wale wapimaji wa Agosti nilikuwepo walipochimba. Niliwapa maji ya kunywa.

Tulimpata Jumatano saa nne asubuhi. Mita mbili na sentimita sabini. Karai lilikuwa limemfunika kichwa, na ndilo lile bati lao. Afisa wa polisi aliuliza kama namtambua. Nikasema natambua viatu. Vilikuwa vyangu. Alivivaa siku ile kwa kuwa vyake vilikuwa vinaingiza maji.

Nilingoja kitu kije. Watu walinishika huku na huku kama mtu atakayeanguka. Mimi nilikuwa natazama kamba ya kiatu cha afisa, imefunguka, nikamwambia aifunge asije akajikwaa shimoni. Akanishukuru. Kisha Bi Karai akaanza kulia na nikampisha kivuli.

Maziko Jumamosi. Mlete Binti. Sijui nitamwambia nini.

Mdogo wako


Ofisini, 2 Mei

Mdogo wangu,

Kamati ilikaa juzi. Kona ni nyekundu, na si kona peke yake, ni mita thelathini kutoka ukingo wowote unaozidi kimo cha mtu, mto mzima. Kampuni imeelekezwa kwenye mabonde ya juu, hakuna ukingo huko. Zile familia saba zimepewa mchanga ulio wazi juu ya daraja, manjano, ukingo haufiki magotini. Ni mchanga hafifu. Malori yatalalamika na wao watachimba mara mbili kwa kile walichokuwa wakikipata. Nimeandika pia kwamba mvua zikianza kazi inasimama. Nani atalisimamia hilo, sijui. Mpango ni karatasi.

Mstari wa daftari la ajali umebadilishwa. Sasa unasema: amefariki akiwa kazini, ukingo umeanguka. Nilisimama pale karani akiandika.

Mkuu wa idara amenipa barua ya onyo kwa kutotaja undugu wangu na eneo. Ana haki. Ramani za mto nimenyang'anywa, nimepewa milima ya mawe, na mwenzangu amefurahi maana alikuwa amechoka kupanda. Nami nimechoka, lakini si kwa kupanda. Kuna asubuhi naifungua droo na nasahau nilitaka nini.

Ninalotaka kusema ni la Binti. Pale makaburini alipokuuliza, "Alikuwa hapo siku zote?" ukasema ndiyo. Akauliza, "Na wewe ulijua?" ukasema ndiyo. Ulifanya vizuri kusema ndiyo. Ungesema kingine ningekudharau. Lakini tangu siku ile hajakutaja. Zamani alikuwa na lile "yuko kazini" lake. Juzi mwalimu alimuuliza baba yuko wapi, akasema, "Sijui."

Mimi siwezi kumweleza. Nikijaribu, yanatoka kama aya ya usalama. Barua zote hizi umeniandikia mimi. Mwandikie yeye.

Dada yako


Nyumbani, 10 Mei

Binti yangu,

Shangazi yako amesema unasoma vizuri, kwa hiyo sitaandika kama kwa mtoto. Neno likikushinda muulize.

Uliniuliza kama nilijua, nikasema ndiyo, halafu watu wakatuingilia na sikumaliza. Namaliza sasa.

Nilijua mwezi mmoja baada ya yeye kufa. Wewe ulikuwa umeshahamia kwa shangazi. Nilitakiwa kuwaambia polisi, na kumwambia shangazi, na wewe. Sikumwambia mtu. Mwanzo nilifikiri nitampata haraka, nije kwako na habari iliyokamilika. Sikumpata. Kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi kusema, maana ningeulizwa za siku zote zilizotangulia. Nikaendelea kuchimba. Kuchimba ni rahisi. Koleo halikuulizi kitu.

Nilichimba mahali pabaya. Shangazi ndiye aliyejua mahali. Kama ningemwambia mapema, mama yako angezikwa mapema, nawe usingekaa miaka miwili ukidhani yuko mtoni. Hilo ni kosa langu, si la Mwenyekiti, si la mvua. Wakikuambia baba yako alikuwa na huzuni, ni kweli, lakini mwenye huzuni naye ana mdomo.

Sikuja kukuona kwa sababu nilikuogopa. Nilikuogopa kuliko kituo cha polisi. Unafanana naye ukikunja uso, na uliukunja makaburini.

Mama yako hakuogopa kazi, na hakuogopa kunikaripia mbele za watu. Aliimba vibaya. Alipenda ukiwa umelala akupime urefu kwa mkono, viganja vingapi, asubuhi ananiambia. Mara ya mwisho ulikuwa viganja sita.

Nimerudishiwa tipa, nabeba mawe. Mto umeshajaa, kona haionekani tena. Asubuhi naamka mapema bila sababu, nakaa kitandani mikono ikitafuta la kufanya. Bi Karai ananisalimia. Wengine bado, wanasema nimewatoa kwenye mchanga mzuri. Nawaelewa.

Najua huenda hutaki kuniona. Nitaleta mawe kwenye yadi ya halmashauri Jumamosi ya tarehe 18, nitakuwepo mpaka saa nane. Sitakuja nyumbani bila kuitwa. Hata hivyo sijui nitakuambia nini zaidi ya haya. Nimetafuta, sina.

Baba yako


Nyumbani kwa shangazi, 15 Mei

Baba,

Barua nimeipata. Nimeisoma mwenyewe, neno moja tu ndilo lililonishinda, karipia, shangazi akaniambia. Shangazi alilia. Mimi sikulia.

Bado nimekasirika. Shangazi anasema naruhusiwa.

Nimejipima ukutani kwa mkono wa shangazi. Ni viganja saba na kidogo, lakini mkono wake ni mdogo kuliko wa mama, kwa hiyo sijui.

Jumamosi njoo nyumbani. Kama huna la kusema, njoo hivyo hivyo.

Binti